Ukitaka ndege wa Amani, achana na kalenda ya watalii

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa sita napata meseji za swali lile lile, "niende Amani lini nikaone ndege?", na kabla sijajibu mtu kashajijibu mwenyewe, eti Julai si ndo kukavu, barabara inapitika, wazungu wote wanakuja Julai kwa hiyo lazima kuna sababu. Sababu ipo, likizo za shule za watoto wao zinaangukia hapo. Ndege hawana likizo ya shule. Sisemi Julai ni mbaya, nitaeleza huko mbele Julai kuna nini na ukitafute wapi, ila kama una wikiendi moja tu mwaka mzima na unataka kuusikia msitu ukiwa na kelele zake zote, mi nakwambia nenda pale kipupwe kinapokata roho na vuli haijakolea, yani Septemba mwishoni mpaka Novemba, ukanyeshewe kidogo, haiui.

Kwa wasiopajua: Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Unatoka Muheza mjini na kosta au na Noah, unayapita mashamba ya michungwa, unafika Sigi kwenye geti la hifadhi ambako ni mita kama 450 hivi kutoka usawa wa bahari, afu ndo mnaanza kupanda zile kona, kona juu ya kona, dirisha linaanza kuingiza baridi, mpaka Amani yenyewe kwenye mita 900 na kitu. Kati ya Sigi na Amani hata mita 500 za kimo hazifiki. Shikilia hapo kwenye hizo mita 500, maana karibu kila ninachosema leo kinatokea humo.

Historia nitaipitia mbio mbio. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, wakapanda miti ya dunia nzima kwenye bustani, wakajenga na kareli kadogo kutoka Tengeni mpaka Sigi, na nyumba ya msimamizi wa stesheni bado ipo pale Sigi, ndo unapopokelewa ukifika getini. Baadaye wakaja Waingereza na utafiti wao, chai ikaenea, na mwaka 1997 ndo eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Leo ukitembea unapita msitu, unatokea kwenye chai, unaingia kwenye iliki na mdalasini za watu, unarudi msituni. Watu wengine hawaipendi hiyo michanganyiko, wanataka msitu mtupu. Mi naipenda, kwa sababu nusu ya ndege wazuri wa Amani unawaona ukiwa umesimama kwenye chai unatazama ukingo wa msitu, ndani kabisa ni giza na shingo inauma.

Sasa misimu. Kuna mgeni mmoja aliwahi kuniambia tropiki hamna misimu, kila siku ni ile ile. Nikamwambia kaa mwaka mmoja. Masika inapiga Machi mpaka Mei, kusi linashika, kinakuja kipupwe Juni mpaka Agosti, afu joto linajijenga taratibu, vuli inaingia Oktoba mpaka Desemba, kisha kaskazi inakausha Januari na Februari na mzunguko unaanza upya. Amani inapata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka na hata hiyo miezi inayoitwa mikavu manyunyu yapo, kwa hiyo usitegemee kuona majani yamepukutika ndo ujue msimu umegeuka, msitu ni wa kijani mwaka mzima. Unaogeuka ni upepo, ni maua, ni wadudu, na kwa hiyo ndege. Ukijua kuwasikiliza unaweza kuutaja mwezi bila kuangalia simu.

Tuanze na hicho kipupwe chenu cha Julai. Kusi linatoka baharini limebeba unyevu, linaugonga mlima, linapanda, ndo ule ukungu unaokaa Amani mpaka saa nne asubuhi na siku nyingine hauondoki kabisa. Ndege wengi hawazaliani kipindi hiki, na ndege asiyezaliana hana sababu ya kuimba, kwa hiyo unakuta mtu katoka Dar na darubini ya bei mbaya, kaamka saa kumi na moja, kasimama njiani kwenye ukungu lisaa limoja zima, kaona shore mmoja na konokono. Anaanza kusema Amani imeisha. Haijaisha, wamejikusanya. Kipindi cha baridi chakula kinapungua kwa hiyo ndege wa aina tofauti wanatembea pamoja kwenye misafara, unakaa hauoni kitu, hauoni kitu, mara unasikia milamba inakwaruza sauti juu yako na ndani ya dakika mbili mti mzima umejaa, shore wanapekua majani makavu chini, wengine wanatembea kwenye shina, vidogo vya juu vinaruka ruka kwenye vilele, na milamba wenyewe wamekaa kati wanasubiri mdudu yeyote anayekurupushwa na wenzao. Ni dili la pande zote, macho mengi yanamwona kipanga mapema, na mmoja akikurupusha mwingine anakula. Afu wanapita. Ukiwa unafuta vioo vya darubini imekula kwako.

Kwa hiyo Julai usitembee sana. Tafuta njia pana, simama, subiri msafara ukupitie. Na cha pili, ambacho wengi hawakijui, lala Sigi.

Hili nilifundishwa na mzee mmoja pale Sigi, mtu wa makamo ya babu yangu, ameingia msituni tangu enzi za wakata magogo. Tulikuwa na wenzangu tunakunywa chai ya tangawizi na mihogo, mabegi mgongoni, haraka haraka tuwahi kupanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mbio zote hizi na baridi hii mnaenda wapi?"

"Juu mzee, Mbomole, tunatafuta ndege."

"Ndege wa juu sa hivi wako chini. Nyie mnapanda, wenzenu wanashuka."

Tukacheka, yeye hakucheka. Akatupeleka kwenye kijia nyuma ya mto, sehemu ambayo tungeipita bila hata kugeuza shingo, akatuambia tuchuchumae na tunyamaze. Baada ya muda akatokea kwenye majani makavu kindege cha kichwa cha rangi ya jivu la mkaa, tumbo njano iliyokoza mpaka ukadhani kumewashwa taa pale chini, akatua kwenye kijiti kama hatua nne kutoka kwetu. Mbele ya kila jicho ana kidoa cheupe, kidogo, na kingine kooni, muda mwingi vimefunikwa na manyoya. Mwenzangu mmoja akasogeza mguu, jani likalia, yule ndege akashtuka na vile vidoa vikafunguka vyote kwa mara moja, vyeupe pee, afu akatikisa mkia akarudi kwenye giza. Huyo ndo kurumbiza mwenye nyota, Pogonocichla stellata, ndege wa milimani. Kwenye baridi baadhi yao wanashuka, wanafika Sigi, wengine wanaonekana hadi kwenye misitu ya chini kabisa ukanda wa pwani. Kuna na ndege mwingine mkubwa kuliko yeye, wa ardhini, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, naye anafanya hivyo hivyo. Wanasayansi wameliandikia hili jambo la ndege kupanda na kushuka milima ya huku kwetu kufuata msimu, mzee alikuwa analijua kwa sababu anakaa njiani kwao.

Na ukishalala Sigi usilale mapema. Kwenye misitu ya chini ya Usambara kuna kibundi wa Sokoke, bundi mdogo kweli, anaingia kwenye kiganja akitaka, ambaye mpaka miaka ya 90 mwanzoni alijulikana Kenya tu kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Mwaka 1992 ndo akagundulika na huku. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na sauti yake ni tunk tunk tunk tunk inayojirudia mpaka unajiuliza kama ni jenereta la mtu.

Huwezi kuongelea ndege wa Amani bila kumtaja Reginald Moreau, basi tumtaje tumalize. Mwingereza, alifika Amani 1928 akakaa mpaka 1946, kazi yake pale kituoni ilikuwa ya maktaba na makaratasi, ndege ilikuwa ni wazimu wake wa pembeni. Wazimu wenyewe ukazaa mambo, baadaye akawa mmoja wa watu wanaoheshimika zaidi duniani kwenye habari za ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika. Chozi wa Amani (chozi ni wale videge wanaonyonya maua), Moreau ni mmoja wa waliomtambulisha kwa sayansi, 1935. Kuna ndege wa Uluguru ana jina la mke wake Winifred, na kuna mshona-majani wa hapa hapa Amani ana jina lake mwenyewe, Artisornis moreaui. Ninachokereka nacho kidogo ni kwamba kazi nyingi ya kukaa chini ya kiota masaa na masaa kuhesabu baba kaja mara ngapi na chakula ilifanywa na wasaidizi wenyeji, ukifungua vitabu jina la Moreau liko kila ukurasa, ya wale waliokaa chini ya mti unayatafuta kwa tochi.

Huyo mshona-majani ndo anawatoa watu Ulaya na Marekani kuja Muheza. Duniani kote anajulikana sehemu mbili tu, Usambara Mashariki na kule Njesi kaskazini mwa Msumbiji, na hapo kati hamna. Ukimwona unaweza kuudhika, ni kijivu, kadogo, uso una kutu kidogo, mdomo mrefu kuliko inavyostahili mwili wake, basi. Hakai kwenye msitu mkubwa wa giza, anapenda pale mti ulipoanguka mwanga ukaingia mikwea ikafungamana, au ukingoni mwa msitu na chai, na ndani ya hiyo mikwea ndo anatembea, unaona jani linatikisika, unaona mkia, unaona jani. Kumsikia ni rahisi zaidi, anapiga filimbi ya noti moja, peee peee peee, kali, inafika mbali. Julai anaweza kunyamaza siku nzima. Oktoba anaanza alfajiri. Hesabu mwenyewe.

Sasa twende kwenye kipindi changu.

Septemba ikifika katikati kusi linalegea, ukungu unaanza kutoka mapema, jua la saa tatu linakuwa na meno. Kwenye chai migrevilea ina maua, pembeni ya vijiji mbambangoma imesimama nyekundu bila jani hata moja, na machozi wote wa mlimani wanakuwa na shughuli moja tu, kugombana. Simama chini ya mti mmoja wenye maua usiondoke. Chozi wa Amani anakaa juu sana, dume ana kichwa na koo la kijani cheusi kinachong'aa na tumbo jeupe, ukimwona mwenye mstari mwembamba mwekundu kifuani na mgongo wa kijani huyo ni mwingine, naye pia ni wa kuhesabika duniani. Utapata maumivu ya shingo, mi huwa nalala chali kwenye mkeka, watu wakipita na kuni wanauliza "vipi, mgonjwa?"

Wale kurumbiza wenye nyota nao wanapanda kurudi juu kujenga. Na hapo hapo, kama walipeana appointment, anaanza kekeo mwenye kifua chekundu, noti tatu zinazoshuka, anazirudia mchana, anazirudia jioni, kuna usiku hanyamazi kabisa. Watu wanasema anaita mvua. Mi nadhani anawaita kurumbiza, maana hajengi kiota, anataga kwenye viota vya kurumbiza na ndugu zao na kuwaachia ulezi, kwa hiyo hawezi kuanza kabla yao wala kuchelewa sana. Dudumizi naye anaanza kutoa ile sauti yake ya maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa, chini kwenye vichaka karibu na mashamba, na huyo ukimwambia bibi yeyote wa Muheza kwamba haiti mvua atakuona huna adabu. Niacheni na bibi zangu, dudumizi mvua anaijua.

Hondohondo ndo wanaofanya mambo ya ajabu zaidi msimu huu. Namwongelea yule mkubwa mweusi mwenye mashavu ya rangi ya fedha na pembe kubwa ya njano juu ya mdomo, sauti yake ni ya mtu anayekata bati kwa msumeno butu, unaisikia kutoka kijiji cha pili. Jike anaingia kwenye tundu la mti, tundu linazibwa kwa udongo unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo, anakaa humo ndani anataga, analalia, analea, miezi mitatu minne, na dume ndo mhudumu. Anakuja na matunda kooni, anayatapika moja moja, anamlisha kwenye ufa. Makadirio yanayotajwa ya dume mmoja kwa msimu mmoja ni matunda 24,000. Nimewahi kukaa mbali kidogo na kiota kimoja na darubini kwenye stendi, dume akaja na matunda, akalisha, la mwisho likamponyoka likaanguka, akaliangalia, akageuza kichwa akaliangalia na jicho la pili, akakaa. Kule ndani mdomo wa jike ukawa unafunguka na kufumba pale kwenye ufa. Dume akashuka mpaka kwenye tawi la chini, akashindwa kulifikia lile tunda, akaondoka na kelele za mabawa msitu mzima ukajua. Tulicheka sana.

Ila hondohondo ana kesi. Kuna mti unaitwa Maesopsis, asili yake kule upande wa Ziwa Victoria na magharibi zaidi, ukaletwa Amani enzi za majaribio na ukapandwa, na baada ya ukataji mkubwa wa magogo wa miaka ya 60 na 70 ukapata mwanya, unakua haraka, unapenda sehemu zilizofunguliwa, ukaenea sehemu kubwa ya msitu. Aliyeusambaza ni nani? Ni huyu huyu. Anayapenda matunda yake, anameza, anaruka kilomita kadhaa, anaangusha mbegu kwenye pengo jipya la msitu, baadaye mche huo. Watu wa uhifadhi wanaumiza kichwa, maana mti mgeni unabadilisha msitu wenyewe, na ukiung'oa wote kwa mpigo hondohondo atakula nini miezi hiyo. Mi sina jibu la kisomi, nikisimama Oktoba chini ya Maesopsis yenye matunda na hondohondo zaidi ya 30 juu yake nafurahi na roho inaniuma kwa wakati mmoja.

Afu wanakuja wageni. Wa kwanza kuwasikia ni keremkerem wa Ulaya, wanapita juu sana, pruup pruup, watu wengi hata hawainui kichwa. Mbayuwayu wanajaa kwenye nyaya za umeme pale madukani. Kwenye miti ya ukingoni kuna kandege ka kijani kilichochuja, hakana alama, gramu kama 10 tu, kanatafuta viwavi kwa fujo, hako kametoka Ulaya au Siberia kwa mabawa yake. Kuna kubwa la njano na mabawa meusi, golden oriole, linatulia siku mbili tatu kwenye matunda afu linaendelea kusini, na mwenzake mwenye kichwa cha kijani, ambaye ni mwenyeji wa hapa, anaimba juu yake siku nzima. Mgeni yeye kwa kawaida hajibu.

Mvua ya kwanza ya kweli ya vuli ndo siku ya siku. Siyo yale manyunyu, nasema ile inayopiga bati jioni mpaka mnashindwa kusikilizana, afu kesho yake kunapambazuka kweupe, ardhi inatoa moshi. Nilikuwa ukingoni mwa chai upande wa Msasa, kuna kichuguu kidogo pale kwenye kingo ya barabara, na kwenye tundu lisilozidi kidole wakaanza kutoka kumbikumbi. Kwanza askari wenye vichwa vyekundu wanazunguka zunguka mlangoni, afu wenye mabawa, wanasukumana, wamelowa, wanapanda kwenye jani la chai, wanatikisa, wanaruka kiwete kiwete kwenda juu. Mlamba wa kwanza alikuja kabla hata hawajafika kumi. Baada ya robo saa sikuweza kuhesabu, milamba, shore, mbayuwayu wanapita chini ya magoti yangu, teleka juu wanakata anga, keremkerem watatu walioghairi safari, na hondohondo wawili wamekaa kwenye mgrevilea wanachagua mmoja mmoja kwa ncha ya ule mdomo mkubwa kwa adabu kabisa. Mabawa yaliyokatika yalikuwa yanashuka taratibu kwenye chai yote. Watoto wakaja na sufuria na ndoo, wakaniamkia, "shikamoo", mmoja akaniuliza mbona napiga picha tu siokoti, nikamwambia naangalia ndege, akasema "ndege wanamaliza mboga yetu wewe unawaangalia". Nikaweka darubini kwenye begi nikaokota.

Novemba mwishoni na Desemba, upepo ukishageuka kaskazi, angalia juu mchana. Kozi wa Amur, kozi wadogo wa kijivu wenye miguu myekundu, wanazaliana huko mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, wanashuka mpaka India, na kutoka pale wanavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja, zaidi ya kilomita 3,000 za maji bila pa kutua, wakisukumwa na upepo ule ule uliokuwa unaleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi kwenye bandari zetu. Inadhaniwa njiani wanakula kereng'ende ambao nao wanavuka kwa upepo huo huo. Wakifika huku wanakutana na mvua na kumbikumbi, wanashiba, wanaendelea kusini mwa Afrika. Siku ukiwapata wanazunguka kwenye hewa ya joto juu ya chai ni makumi kwa mamia, siku nyingine hamna hata mmoja, hawa hawana ratiba ya kukupa.

Masika nitasema machache. Utelezi, bodaboda wanakataa au wanapandisha bei mara mbili, na mimi siwalaumu. Lakini siafu wanatembea, na palipo na siafu kuna ndege wa chini ya msitu wanaowafuata kula wadudu wanaokimbia, ndege ambao siku za kawaida unapata kuona mgongo wao tu. Vaa gambuti, ingiza suruali ndani, usisimame kwenye msafara wenyewe. Nimemaliza masika.

Watu wa Amani wanakwambia misimu siku hizi haieleweki, vuli inachelewa au inakuja yote wiki moja. Mi kumbukumbu zangu ni za miaka michache haziwezi kusema kitu. Wenye kumbukumbu ni kina William Newmark, Mmarekani ambaye tangu 1987 amekuwa akinasa ndege kwenye nyavu nyembamba kwenye misitu ya Usambara pamoja na timu ya wenyeji, wanavalishwa pete mguuni, wanaachiwa, wananaswa tena miaka ijayo. Uchambuzi wa miaka 30 ya nyavu hizo ulitoka 2021 na ukaonyesha kwamba kwa spishi kadhaa za chini ya msitu joto likipanda uwezekano wa ndege kubaki hai unashuka. Ndege wa mlimani akizidiwa na joto anapanda juu, na Usambara Mashariki haina juu kubwa, vilele vyake havifiki hata mita 1,600. Hapo ndo zile mita zangu 500 zinaponikosesha raha.

La mwisho kabla sijaenda kazini. Programu za simu za kutambua sauti, kina Merlin, zinasaidia, tumia, lakini kupigia ndege sauti yake kwenye spika ili atoke, haswa yule mshona-majani, punguzeni jamani. Kila kundi linalopita linapiga sehemu ile ile, ndege anaacha kulisha anakuja kupigana na simu. Oktoba anaimba mwenyewe bure, alfajiri, unachotakiwa ni kuamka. Kwa hiyo mpango wangu mwaka huu: naanzia Sigi wiki ya mwisho ya Septemba, usiku mbili kwa ajili ya kibundi, afu napanda Amani kwa mguu kwa njia ya zamani, nakaa mpaka mvua ya kwanza inikute huko. Nafasi zipo, kila mtu anajilipia kiingilio na chakula. Gambuti zangu zimepasuka, mwenye namba 42 ya kuazimisha anicheki.